Samaki wa baharini katika nyanda za juu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuwatuliza na kuwazoesha kula

Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam kwa barabara. Hata hivyo, wapo watu huku, na Iringa, na Njombe, wanaofuga samaki wa baharini sebuleni. Maswali yafuatayo ndiyo ninayoulizwa zaidi na wafugaji hao, na karibu yote yanazunguka jambo moja: samaki amefika, amejificha, na hagusi chakula. Nimejibu kwa urefu pale ambapo kosa huua samaki, na kwa ufupi pale ambapo haliui.

Samaki wangu amefika jana na hajala chochote. Je, ni hatari?

Bado si hatari. Samaki mwenye afya na nyama mgongoni anaweza kukaa siku kadhaa bila kula na asidhurike. Siku ya kwanza sishauri apewe chakula chochote, kwa kuwa chakula kisicholiwa huoza na kuongeza amonia katika maji ambayo ndiyo kwanza anayazoea. Siku ya pili mpe kidogo sana, na mabaki uyaondoe baada ya nusu saa. Kwa samaki mkubwa, wasiwasi uanze siku ya nne au ya tano. Kwa samaki wadogo wanaokula vijidudu vinavyoelea majini uanze mapema zaidi, kwa sababu hao huko baharini hudonoa mchana kutwa na hawana akiba kubwa mwilini.

Muuzaji alinionyesha samaki akila vizuri Dar es Salaam. Kwa nini amegoma kula alipofika huku?

Swali hili ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu. Samaki huyo ametolewa kwenye matumbawe, akawekwa dukani, akanyimwa chakula siku moja au mbili ili asichafue maji ya mfuko, akasafirishwa gizani kutwa nzima, kisha akafunguliwa katika mahali asipopajua penye taa kali na nyuso za watu kiooni. Njaa anayo, lakini woga umeitangulia. Mfugaji mgeni huona mdomo uliofungwa, akakimbilia kubadilisha chakula mara tatu au nne kwa siku, ilhali kinachoufunga mdomo huo si chakula.

Kwetu huku kuna sababu nyingine ambayo watu wa pwani hawaijui, nayo ni hewa. Shinikizo la hewa Mbeya ni dogo kuliko la pwani kwa takriban asilimia 18. Maji ya bahari yenye nyuzijoto 25, ambayo pwani hubeba karibu miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita, hapa hubeba takriban miligramu 5.5 tu hata yakitibuliwa vizuri. Samaki hupumua haraka, husimama karibu na mkondo wa pampu au chini ya uso wa maji, na samaki anayetafuta pumzi hatafuti chakula.

Kwa hiyo, kagua mambo kwa mpangilio huu: joto kwanza, kisha hewa, kisha amonia, kisha samaki wenzake, na chakula kiwe cha mwisho. Kwa uzoefu wangu, mara nyingi nimepata jibu kabla ya kufika kwenye chakula.

Nifanye nini kuhusu hiyo hewa?

Elekeza pampu moja juu ili uso wa maji utibuke muda wote, mchana na usiku, na uongeze jiwe la hewa, yaani kijiwe chenye vitundu kinachotoa mapovu ya hewa, katika tangi ambamo samaki mgeni anasubiri. Usipandishe joto kupita nyuzijoto 26 kwa kudhani unamsaidia, kwa sababu maji yakipata joto zaidi hubeba oksijeni kidogo zaidi. Tena, ukisoma mahali kwamba tangi la ukubwa fulani hutosha samaki kumi, weka sita au saba. Mwandishi wa ushauri huo huenda anaishi usawa wa bahari.

Ni samaki gani nisiwanunue kabisa?

Wapo vitatange, wale samaki bapa wa matumbawe wenye rangi za kuvutia, ambao chakula chao ni matumbawe hai na karibu hakuna kingine, wakiwamo Chaetodon trifasciatus na Chaetodon meyeri, ambao wote wanapatikana katika bahari yetu. Wanavutia mno dukani, na hufa kwa njaa taratibu wakiwa wamezungukwa na chakula wasichokitambua. Yupo pia Zanclus cornutus, mwenye mistari myeusi, myeupe na ya njano na pezi refu la mgongoni, ambaye hata wafugaji wenye uzoefu wa miaka mingi humshindwa. Yule samaki mdogo mwenye mstari mweusi anayesafisha wenzake, Labroides dimidiatus, huishi kwa kula vimelea vilivyo kwenye miili ya samaki wengine, na tangi la nyumbani haliwezi kumpatia vya kumtosha.

Ukitaka kitatange, tafuta Chaetodon auriga, ambaye baharini hula vitu vingi tofauti na hivyo hujifunza upesi. Kwa anayeanza kabisa, samaki wa anemoni waliozaliwa kwenye matangi ni bora kuliko wote, kwa kuwa wamezaliwa wakiona chakula kikitoka mkononi mwa binadamu.

Nimuulize nini muuzaji kabla ya kulipa?

Mwombe akurekodie video ya samaki huyohuyo akila, siku hiyohiyo, na akutajie chakula hicho kwa jina. Muulize amekaa dukani siku ngapi; chini ya wiki moja, subiri. Muulize pia kipimo cha chumvi cha maji yake, kwa sababu wauzaji wengi hupunguza chumvi, na utakihitaji kipimo hicho siku ya kumpokea. Muuzaji anayekasirishwa na maswali haya amekwisha kukujibu.

Ni bora asafirishwe kwa basi au kwa ndege?

Kwa ndege hadi Songwe ikiwezekana, kwa kuwa safari ya saa moja na dakika kadhaa haiwezi kulinganishwa na ya kutwa nzima. Wengi wetu hata hivyo tunategemea basi, na basi linawezekana iwapo mambo mawili yatazingatiwa.

La kwanza ni baridi. Basi linaloondoka Dar es Salaam alfajiri hupita Mafinga, Makambako na Igawa jioni au usiku, na kati ya Juni na Agosti sehemu hiyo ya njia ina baridi ya kuuma. Samaki awekwe ndani ya boksi la povu lenye kifuniko, pamoja na chupa mbili za maji ya uvuguvugu zilizofungwa kwenye magazeti, zisiguse mfuko. Boksi likae ndani, miguuni pa mtu, wala si kwenye buti. Mwezi Juni mmoja nilipoteza kangaja wawili, samaki wa miambani wanaokula mwani, kwa sababu sikumwambia mtu yeyote boksi liwekwe wapi, nao wakasafirishwa kwenye buti. Nilipotia kipimajoto mfukoni saa nne usiku kilisoma nyuzijoto 17. Walikuwa hai bado. Hawakula hata siku moja, na siku ya tisa wote wawili walikuwa wamekufa. Sijawasahau.

La pili ni mfuko wenyewe. Oksijeni iliyofungiwa usawa wa bahari hutanuka kadiri gari linavyopanda, na kufikia Mbeya huwa imevimba kwa takriban sehemu moja ya tano. Mfuko uliofungwa ukiwa umekaza kama mpira hupasuka au huanza kuvuja kwenye fundo baada ya kupanda Kitonga. Muuzaji aufunge ukiwa na ulegevu, na uwe mfuko ndani ya mfuko.

Mfuko umefika nyumbani. Je, nidondoshe maji ya tangi polepole kwa saa mbili, kama nilivyofundishwa?

Kwa samaki aliyesafiri kutwa nzima, hapana. Najua ushauri huu unawashangaza wengi, kwa hiyo naeleza sababu yake.

Ndani ya mfuko uliofungwa samaki hutoa amonia kwa masaa mengi, na hutoa pia kabonidayoksaidi. Kabonidayoksaidi hiyo huyafanya maji yawe na asidi zaidi, na katika maji ya namna hiyo sehemu kubwa ya amonia hubaki katika hali isiyo na sumu kali. Ukifungua mfuko, gesi hutoka, asidi hupungua kwa dakika chache, na amonia ileile hugeuka kuwa sumu inayochoma matamvua. Ukianza kudondosha maji ya tangi wakati huo, unaharakisha mabadiliko hayo huku samaki akiwa bado amekaa ndani yake kwa saa mbili. Atatoka akiwa hai, lakini matamvua yake yameungua, na wewe utashangaa kwa nini hali.

Njia ninayoifuata ni hii. Siku moja kabla, naandaa tangi la kumpokelea lenye kipimo kilekile cha chumvi alichonitajia muuzaji, tuseme 1.020 (yaani uzito wa maji hayo ukilinganishwa na wa maji yasiyo na chumvi). Mfuko ukifika nauelea juu ya maji ukiwa umefungwa, taa zimezimwa, kwa dakika 30 hadi 40, mpaka joto lilingane. Kisha naufungua, nahakikisha kipimo cha chumvi haraka, namtoa samaki kwa kibakuli na kumwingiza ndani. Maji ya mfuko namwaga yote. Kutoka kufungua hadi kumwachia hazipiti dakika tano. Baada ya hapo naipandisha chumvi ya tangi kwa 0.001 au 0.002 kwa siku mpaka ifike 1.025, kwa kuwa samaki huvumilia chumvi inayoshuka lakini huumia ikipanda ghafla.

Kudondosha maji polepole kunafaa kwa samaki uliyemchukua kwa rafiki yako wa Forest au Soweto, mitaa ya hapahapa Mbeya, ambaye amekaa mfukoni nusu saa.

Je, lazima niwe na tangi la pili la kumpokelea?

Ndiyo. Lita 80 zinatosha kwa samaki wengi wadogo. Weka chujio la sponji ambalo limekaa wiki nne hadi sita kwenye tangi kubwa ili liwe na bakteria wanaokula amonia, vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia, na karatasi kwenye pande tatu za kioo. Samaki asiye na pa kujificha hatoki kula. Aliye na tundu lake hutoka mapema, kwa sababu anajua pa kurudi.

Hita ya ukubwa gani?

Katika nyumba za huku, ambazo sebule hushuka hadi nyuzijoto 14 au 15 alfajiri za Julai, mimi huhesabu wati 2 kwa kila lita, tena kwa hita mbili ndogo badala ya moja kubwa, ili moja ikiharibika nyingine isiache maji yapoe kabisa. Kinachomtesa samaki ni kupanda na kushuka: nyuzijoto 26 mchana na 21 alfajiri. Pima alfajiri, si jioni tu.

Nianze na chakula gani?

Anza na kitu kinachotembea. Samaki wa porini hajui kwamba kipande kinachozama ni chakula, lakini kijidudu kinachorukaruka mbele ya jicho lake anakifahamu tangu akiwa na ukubwa wa punje. Kwa mfugaji wa Mbeya, chakula hai kilicho rahisi kuliko vyote ni atemia, vijidudu vya chumvini ambavyo mayai yake makavu hukaa kwenye kopo kwa miezi na hayahitaji kusafirishwa kwa barafu.

Chukua chupa ya soda ya lita moja na nusu, kata kitako, igeuze kichwa chini huku kizibo kikiwa kimefungwa, na uitie lita moja ya maji yenye gramu 30 hivi za chumvi. Tia nusu kijiko cha chai cha mayai, ingiza mpira wa hewa hadi chini kabisa shingoni, na uwashe taa karibu nayo. Mayai huanguliwa kwa takriban saa 24 katika nyuzijoto 26 hadi 28. Wengi wa huku hunieleza kwamba mayai waliyonunua ni mabovu; nikiuliza chupa iko wapi, naambiwa iko jikoni juu ya kabati, mahali penye nyuzijoto 16. Isimamishe chupa ndani ya beseni la maji yenye hita ndogo, na mayai hayohayo yataanguliwa.

Yakishaanguliwa, ondoa hewa kwa dakika kumi. Maganda ya kahawia yataelea juu, na atemia, wenye rangi ya chungwa kama vumbi la matofali, watajikusanya mahali penye mwanga. Wavute kwa mpira mwembamba, wachuje kwa kitambaa, wasuuze, na uwape samaki ndani ya saa chache, kwa kuwa kiini wanachozaliwa nacho ndicho chenye lishe, nao hukitumia upesi.

Sasa zima pampu kubwa, uache jiwe la hewa tu, na umimine kidogo mbele ya maficho. Kaa mbali. Kitatange wangu wa mwisho alikaa siku tano nyuma ya bomba. Siku ya sita wingu la atemia lilipompitia hakusogea, ila jicho lake lilifuata kijidudu kimoja hadi kikapotea, kisha likafuata kingine. Dakika kadhaa baadaye alijitokeza nusu mwili, akadonoa mara moja, akarudi. Ukiona jicho linafuata, usiongeze chakula na usisogee karibu. Rudia hivyohivyo jioni.

Amekubali atemia. Kisha?

Atemia peke yake haimlishi samaki kwa muda mrefu. Kuanzia siku ya tatu ya kula, changanya ndani ya wingu hilo vipande vidogo vya misisi, yaani kamba wadogo sana wanaouzwa wakiwa wamegandishwa, au kamba wa kawaida uliyemkatakata. Kwa vitatange wenye midomo mirefu, chaza au kome mbichi aliyefunguliwa na kuwekwa juu ya jiwe huwashawishi kuliko chochote kinachoelea, kwa sababu wamezoea kuchokonoa mianyani. Mara ya kwanza samaki atachukua kipande na kukitema. Hiyo ni habari njema: anaonja. Atakitema mara nyingi kabla ya kukimeza.

Je, naweza kutumia usipa, uduvi au dagaa wa sokoni Mwanjelwa?

Usipa wabichi wa Ziwa Nyasa kutoka Kyela wanafaa kumshikiza samaki mlaji nyama kwa siku mbili tatu mzigo wa pwani ukichelewa, lakini wasiwe chakula cha kudumu, kwa kuwa samaki wa baharini huhitaji mafuta ambayo viumbe vya baharini huyabeba kwa wingi zaidi kuliko vya maji baridi. Uduvi waliogandishwa bila kutiwa kitu ni wazuri sana. Wakavu, waloweke na kuwasuuza mara kadhaa, na uwape samaki ambaye tayari anakula, mgeni hatawatambua. Dagaa wakavu waache.

Viluwiluwi vya mbu ni kishawishi kizuri kwa samaki aliyegoma, kwani hucheza majini kwa muda mfupi kabla chumvi haijawaua. Ukivifuga, ndoo iwe na chandarua juu yake na uivune kila siku. Hakuna samaki anayestahili kumletea jirani malaria.

Kangaja hataki nyama. Anataka nini?

Kangaja ni mlaji wa mwani, na baharini hukwangua miamba mchana kutwa. Mpe karatasi za mwani mkavu, zile ambazo hazikutiwa mafuta wala viungo, ukizibana kwa kibanio karibu na maficho yake kuanzia asubuhi hadi jioni. Kizuri zaidi ni jiwe lililoota ukijani: weka mawe machache ndani ya ndoo ya maji ya chumvi dirishani wiki kadhaa kabla ya kumpokea, kwani jua la huku ni kali na ukijani huota vizuri. Mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto unaweza kumfungua mdomo, lakini haumtoshi.

Je, kitunguu saumu huongeza hamu ya kula?

Hakidhuru kikitumiwa kidogo, na wafugaji wengi wanakisifu. Mimi sijawahi kuona samaki aliyegoma akabadilika kwa sababu yake.

Farasi wa bahari nao wanawezekana huku?

Wanawezekana, ila wao wana tangi lao peke yao, lenye mkondo wa taratibu na nyuzijoto 23 hadi 25, kiasi ambacho kwetu ni rahisi kukidumisha. Hawana tumbo la kuhifadhia chakula, kwa hiyo hula kidogo mara tatu au nne kwa siku, na samaki wenye kasi huwanyang'anya chote. Tangu mwaka 2004 farasi wa bahari wote wamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe pori. Nunua waliozalishwa kwenye matangi tu. Hao huja wakiwa wamezoea misisi iliyogandishwa, na tabu ya kuwafundisha kula hupungua kwa nusu.

Nitajuaje kwamba anakonda kupita kiasi?

Mtazame kwa mbele, si kwa ubavu. Tumbo lililobonyea hurudi kwa milo michache. Nyama iliyopungua juu ya kichwa na mgongoni, hata mgongo ukawa mwembamba kama makali ya kisu, ni dalili kwamba samaki ameanza kula misuli yake mwenyewe. Akifika hapo, mpe atemia mara tano au sita kwa siku na ubadilishe maji kila siku, kwa kuwa muda uliobaki ni mfupi.

Ana vidoa vyeupe mwilini na hali. Nianze na dawa au chakula?

Vidoa kama chembe za chumvi mara nyingi ni kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans, nacho kinapokuwa kwenye matamvua samaki hapumui vizuri, seuze kula. Anza na dawa, ndani ya tangi la kupokelea tu. Dawa ya shaba hufanya kazi, lakini iwe na kifaa chake cha kupimia, kwa kuwa kipimo kinachoponya na kile kinachoua havikuachana sana. Usiitie kamwe kwenye tangi lenye matumbawe, kamba au konokono.

Umeme ukikatika usiku?

Pampu ya hewa ya betri kwanza, kisha blanketi kuzunguka tangi, kisha chupa za maji ya moto zilizofungwa vizuri zikielea ndani. Usilishe mpaka umeme urudi.

Anakula vizuri sasa. Nimhamishie tangi kubwa lini?

Akae kwenye tangi la kupokelea wiki nne hadi sita kwa jumla, na katika wiki mbili za mwisho awe anakula chakula kilichogandishwa kila siku bila kushawishiwa na kilicho hai. Siku ya kumhamisha, panga upya baadhi ya mawe ya tangi kubwa ili wenyeji wapoteze mipaka yao, na uwalishe washibe. Mwingize jioni taa zikiwa zimezimwa, akiwa ndani ya sanduku la plastiki lenye matundu ambamo wenzake watamwona lakini hawatamgusa. Baada ya siku tatu au nne, wakiacha kulizunguka sanduku, mfungulie. Kesho yake asubuhi mpe chakula kilekile, saa ileile, kwa mpira uleule aliouzoea.